Kidumu cha Bwana Mifugo

Walisema hataweza. Walisema redio hutoka ng'ambo, haitoki Nkuhungu. Walisema mzee mstaafu hawezi kumfanya mchunga ng'ombe aweke simu yake mfukoni anunue dumu la mafuta ya kula. Walisema hakuna mjane atakayefungua sanduku lake amkabidhi kanda yenye sauti ya marehemu mumewe. Na juu ya yote hayo walisema hataweza kufanya kazi na mimi, kwa sababu mimi najisikia. Hilo la mwisho walilikaribia, ila waliligeuza: aliyekaribia kushindwa kufanya kazi na mwenzake ni mimi.

Niseme mapema mimi ni nani, maana watu wa mji huu ni wepesi wa kusahau. Niliondoka Dodoma na begi la mtumba. Nilibeba mizigo Kariakoo, nikajifunza kufungua simu kwa kuzifungua, kisha nikajilipia chuo mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya elektroniki. Iko ukutani kwenye karakana yangu Nkuhungu, ndani ya kioo. Anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Wenzangu wengi walirudi kwa sababu mambo yaliwashinda huko. Mimi nilirudi kwa hiari, nikajenga Miyuji, na sijapigiwa harambee na mtu yeyote. Kwa hiyo nikisema Kidumu nilikiunda mimi, ni kweli. Na nikisema nisingekiunda bila yule mzee, ni kweli pia, nayo ndiyo kweli inayoniudhi.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa Bwana Mifugo. Alistaafu, ofisi ikapata mwingine, josho la kuogeshea ng'ombe alilokuwa analisimamia likakauka na kuota majani, lakini cheo hakuna aliyemvua. Hata mkewe alimwita hivyo: "Bwana Mifugo, chai."

Alikuwa na tabia ya kutazama watu kama anavyotazama ng'ombe. Ukimwamkia, aliitikia marahaba huku macho yake yako miguuni kwako, kisha yanapanda mpaka usoni, halafu anatoa hukumu. "Goti lako la kushoto halijakaa sawa." "Wewe una minyoo." Mara nyingi alikosea. Mke wangu aliambiwa na mzee kwamba ni mjamzito, tena mbele ya majirani, na hakuwa mjamzito. Alikuwa amenenepa tu kwa raha za nyumbani kwangu. Mke wangu hajamsamehe, na kila mzee alipopita kwetu alipewa uji wa moto kupita kiasi.

Msemo wake ulikuwa mmoja na aliutumia kwa kila kitu, kuanzia kupe mpaka siasa: "Hiyo ni dalili, siyo ugonjwa." Umeme ukikatika, hiyo ni dalili. Kijana akimwacha mkewe, hiyo ni dalili. Ukimuuliza ugonjwa wenyewe ni upi, alianza kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Aliingia karakana mara ya kwanza akiwa na kidumu cha njano kisicho na kitu, kile cha mafuta ya kula cha lita tatu. Nilidhani anaomba maji.

"Injinia," akasema. Hakuwahi kuniita fundi. Na kila alipotamka injinia nilishindwa kujua kama ananiheshimu au ananicheka. "Nataka redio ikae humu."

"Humu kwenye dumu, mzee?"

"Mchunga ng'ombe akitoka asubuhi anabeba nini?"

"Fimbo."

"Na nini?"

"Dumu la maji."

"Basi. Mkono umeshazoea. Wewe unataka kumfundisha mkono kitu kipya kwa nini?"

Nilimwambia redio zipo tele, nzuri, nyepesi, zina taa, zina nafasi ya kuchomeka waya wa masikioni. Akaruka kama nimemkanyaga. Waya wa masikioni ndio alioutafutia dawa. Zamani, akasema, alikuwa akienda kuchanja anasimama juu ya pikipiki yake na kusikiliza. Akisikia kijana anaimba, anajua kundi liko wapi. Siku hizi anamkuta kijana amekaa juu ya kichuguu, waya umejaa masikioni, ng'ombe wako kwenye mtama wa mtu. Wanakamatana mashati, wanafikishana kwa mtendaji, undugu unakufa. "Muziki ukae nje ya masikio," akasema. "Ng'ombe nao wasikie, na mwenye mtama asikie kwamba kundi linakuja."

Nilikubali kwa sababu hakuna mtu mwingine Dodoma angeweza kuifanya kazi ile, na nilitaka ijulikane hivyo. Nilichukua betri kutoka kwenye kompyuta za mapajani zilizokufa, ambazo mji huu wa maofisi hauishiwi nazo. Spika nilizitoa kwenye milango ya magari mabovu. Bodi ya kupaza sauti na kisoma kadi niliagiza Dar. Juu ya bega la kidumu nilibandika kipande cha sola. Cha kwanza kilitoa sauti ya mtu anayegombana ndani ya pipa. Cha pili kilikuwa kile kile, ila pipa lilikuwa kubwa zaidi. Ndipo nikajaza pamba ya godoro nyuma ya spika, nikaiziba kwa ubao mwembamba, na kidumu kikaimba. Kikaimba kweli. Nilikiweka mlangoni na wapita njia wakasimama. Nilimtazama mzee nione atasema nini.

"Kinaegemea upande," akasema.

Huyo ndiye mtu niliyefanya naye kazi.

Tulikipeleka mnadani, siku ya ng'ombe, kwenye moshi wa nyama na vumbi la kwato. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mfugaji mmoja mwenye mzaha, aliyekinunua baada ya kunitania mbele ya watu: "Umesoma mpaka stashahada ili uuze dumu?" Mnada uliofuata alirudi nacho kinachuruzika maji. Mkewe alikuwa amekikuta nyumbani, akakisuuza kwa majivu, akakijaza maji na kukipandisha juu ya punda.

"Mke wangu hana kosa," akasema yule bwana. "Dumu ni dumu. Nipeni kingine."

Nikageuka kumtazama Bwana Mifugo, nikitegemea atamfukuza. Akatikisa kichwa taratibu. "Amesema kweli. Dumu ni dumu. Mpe kingine."

Nilitaka kupaka vidumu rangi nyekundu ili watu watofautishe. Alikataa: kikipakwa rangi, akasema, si kidumu tena, ni redio. Tukavutana hadi tukaacha kusalimiana. Mwishowe nilitoboa matundu chini na ubavuni, ili hata mtu akikijaza maji yasikae. Ilikuwa akili yangu, na ilifanya kazi. Lakini haukupita muda mrefu mama mmoja akaja karakana amekasirika, amekishika kidumu kwa mkono ulionyooka kama panya aliyekufa: "Fundi, dumu lenu linavuja."

Hata hivyo, mwanzoni hakikuuzika. Nilikuwa nimeweka kwenye kadi nyimbo zinazopigwa kila mahali, na vijana walizisikiliza dakika moja wakacheka. Hizo wanazo kwenye simu. Nilikata tamaa, naye hakukata. Siku moja alinitaka nimpeleke Kolo, mbali kaskazini kupita Kondoa mjini, kwa mama mmoja mjane ambaye ng'ombe wake mzee aliwahi kuwatibu zamani. Nina gari dogo la mizigo, kirikuu, nililolinunua kwa jasho langu, tukaenda.

Yule mama alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamuru. Mumewe alikuwa mpiga zeze aliyejulikana vijiji vyote vya pale. Wakati wa uhai wake kuna mtu alimrekodi akiimba watu wakipura mtama, na kanda hiyo ilikuwa ndani ya sanduku la mama, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwani. Redio ya kuipigia ilikufa zamani.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi wa huku hatuelezani. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au ukame, watakwisha wote. Kwa hiyo huwapeleka wengine kwa rafiki anayemwamini, awafuge. Rafiki huyo atakunywa maziwa na kupata samadi shambani kwake. Ndama watakaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna anayesaini mahali. Unaweza kukaa na ng'ombe wa mtu mpaka watoto wako wakaoa, na siku mwenyewe akija unafungua zizi unamwonyesha: huyu, na wa huyu, na wa huyu.

Bwana Mifugo alikaa juu ya kigoda, akaweka kofia yake magotini, akasema, "Mama, nipe nikufugie."

Hakusema niazime, wala niuzie. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, msomi mzima, sikuona kinachokuja.

Mama alifikiri sana. "Utamlisha nini?"

"Umeme wa jua."

"Na maziwa?"

"Maziwa tutakunywa mimi na huyu mwenye kichwa."

Akacheka, akafungua sanduku.

Baada ya hapo alizunguka vijiji vyote alivyowahi kuchanja. Kila mahali alijua nani alirekodiwa harusini, nani ana kanda ya kwaya ya siku ya jubilei, ni kwa nani kuna sauti ya babu akiwasifu ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Kila mahali alisema maneno yale yale: nipe nikufugie. Walimpa. Kanda zilifika karakana zimefungwa kwenye vitenge, kwenye makopo ya unga wa maziwa, moja kwenye soksi.

Nilizihamisha kwenye kompyuta yeye akiwa ameketi pembeni, maana hakuziacha peke yake na mtu. Ajabu ni kwamba hakupenda muziki. Nyumbani kwake hakukuwa na redio. Mkewe akitaka kusikiliza kwaya alikwenda kwa jirani. Kanisani alisimama wakati wa nyimbo mdomo ukiwa umefungwa kama mtu anayengojea basi. Kwenye zile kanda alisikiliza vitu vingine kabisa. Mwimbaji anapanda juu, zeze linalia, mimi nywele zinanisimama, mzee ananishika mkono: "Rudisha nyuma. Hapo. Umemsikia?"

"Nani?"

"Ng'ombe yule wa nyuma. Anakohoa. Yule ana mapafu."

"Mzee, huyo ng'ombe alishakufa kabla mimi sijaanza shule."

"Ndiyo. Kwa mapafu."

Vidumu vyenye nyimbo zile vilipoingia mnadani, watu walivinunua kama chumvi. Sizidishi. Mzaha wa dumu uliisha siku ile ile. Wazee walisimama mbele ya kibanda chetu wakitajiana majina ya waimbaji. Kuna mmoja alilia, akasema ni vumbi. Vilisikika harusini, vilabuni kwenye pombe ya uwele, nyuma ya makundi ya ng'ombe kutoka Bahi mpaka Chamwino. Kwaya nazo zikataka vyao. Wafanyakazi wa serikali waliohamia kutoka Dar, watu wa tai, walikuja Nkuhungu kutafuta "ile redio ya kienyeji" waiweke sebuleni. Wanafunzi wa chuo kikuu walipiga nacho picha. Mchungaji mmoja alikisema kwenye mahubiri, kwa wema. Mimi niliyeambiwa redio haitoki Nkuhungu nilikuwa nakaa mlangoni kwangu nasikia kazi yangu ikipita barabarani imebebwa na mtu nisiyemjua. Asiyewahi kusikia hivyo asinifundishe unyenyekevu.

Kisha wenye kanda wakaanza kuja, na wa kwanza ni mtu wa upande wa Bahi aliyetupa kanda ya babu yake. Hakupiga hodi. Alisimama akasema, "Nimemsikia ndama wangu kwa muuza mbuzi."

Sikumwelewa. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kanda yake ipo salama, haijakatwa, haijapungua hata neno. Tumenakili tu.

"Na ng'ombe akizaa, anapungua?"

Nikamgeukia Bwana Mifugo. Alikuwa ameshavaa uso wa kukubali.

"Mzee, tafadhali usiseme amesema kweli."

"Amesema kweli," akasema Bwana Mifugo.

Baada ya huyo walikuja wengine. Hawakuja na ugomvi. Hilo ndilo lililonichosha. Walikuja kama wenye ng'ombe wanavyokuja kumtazama mfugaji wao, wakaketi, wakanywa chai yangu, wakauliza habari za ndama. Ana nguvu? Amefika wapi? Ni kweli amesikika Singida? Nilijaribu kuwapa kila mmoja Kidumu cha bure. Walivipokea kwa furaha kama maziwa, na suala la ndama likabaki palepale. Wakati huo vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye simu vilikuwa vimeshazinakili nyimbo zetu kutoka kwenye kadi zetu, na zilikuwa zimezagaa kwenye kila simu ya mkoa huu. Nilimwambia mzee: sasa hao ndama utawafuata wapi? Akatafuta miwani.

Kisha akaja mfanyabiashara wa mjini. Alikuwa mtu wa maana, ana ghala, ana watu wake huko China. Alitaka Kidumu kitengenezwe kiwandani kwa maelfu, plastiki ngumu, chapa yangu ubavuni, nyimbo zetu ndani. Alinisikiliza nikimweleza habari ya pamba na ubao, na alikuwa wa kwanza katika mji huu kunisikiliza bila kunitazama kama mtoto wa fulani. Alihitaji kitu kimoja: mimi na Bwana Mifugo tuweke saini kwamba nyimbo ni zetu.

Nilimleta mzee karakana, nikamwekea kiti chenye mto. Akasikiliza yote. Akauliza plastiki inatoka wapi. Akaushika mkono wa mfanyabiashara, akautazama, akamwambia anakula chumvi nyingi. Kisha akasema, "Haziwezi kuwa zetu. Tunafuga."

"Mzee, ni maneno tu ya karatasi," nikamwambia.

"Basi mwandikie kwamba tunafuga."

Mfanyabiashara alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani aliomba udhuru, akaondoka. Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya siku ile, na safari hii mzee angeniambia sina usingizi angepatia. Haukupita mwaka, madukani kukaja kitu cha njano cha plastiki ngumu chenye umbo la kidumu na sola begani. Ndani mlikuwa na nyimbo zetu, na mwishoni mwa moja alisikika yule ng'ombe anayekohoa. Hakikuwa na chapa ya mtu yeyote. Wanakinunua mpaka leo. Wateja wangu waliniletea nikitengeneze kikiharibika, na kuna aliyeniambia mbele ya stashahada yangu kwamba nimeiga vizuri kutoka kwa Wachina.

Nilikwenda kwa Bwana Mifugo na kile kitu mkononi. Nilisema mengi. Nilimwambia watu wa vijijini watakumbuka heshima yake, na mimi nitakumbuka kwamba nilikuwa na mlango wazi mbele yangu akaufunga kwa neno moja la zizini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni dalili," akasema.

"Ugonjwa ni upi, mzee? Leo utasema."

Kwa mara ya kwanza alijibu. "Tumekaa na mali ya watu muda mrefu, hatujairudisha. Ndiyo maana kila anayepita anaichukua. Anaona haina mwenyewe."

Akaamua kurudisha. Kurudisha kanda lilikuwa jambo rahisi. Kilichowaliza wanawe ni ndama. Alikuwa na kundi lake, dogo lakini zuri, madume mawili, majike ya maziwa, ng'ombe aliowachagua kwa macho ya kazi yake yote. Akasema kila mwenye kanda atarudishiwa kanda yake pamoja na ndama mmoja wa kweli, mwenye miguu minne.

"Kwa nini mmoja?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshashindwa, nilitaka tu kuelewa hesabu ya kushindwa kwangu. "Wamenakiliwa hawana idadi."

"Wale wa kwenye simu sikuwazalisha mimi. Wa kwanza nilimzalisha. Wa kwanza anajulikana."

Mwanawe mkubwa alipanda basi kutoka Morogoro kuja kumzuia. Alinifuata karakana, akanishika shati, akasema nimemroga baba yake kwa dumu. Nilimwambia kama kuna mtu aliyerogwa ni mimi, aende akaulize. Hakuweza kumzuia. Ndama walipokwisha, mzee alibadilisha majike, na madume pia, kwa ndama mnadani, macho makavu, akitafuta wale wazuri na kukataa waliopinda miguu. Mimi niliwabeba kwa kirikuu yangu, mafuta yangu, na nasema hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Kijiji kwa kijiji. Kila mahali alifika, akatoa kanda kwenye kitambaa chake cha zamani, akamfungua ndama kamba, akasema, "Nimekufugia. Huyu ni wako, na huyu ni wa huyu."

Waliwapokea. Wengine walichinja kuku. Lakini kuna desturi nyingine ndani ya desturi ile: mwenye ng'ombe akija kuchukua kundi lake, humwachia mfugaji mmoja, asante ya kulea. Niliingoja asante hiyo kila kijiji. Hakuna aliyeitaja. Nilimwambia mzee njiani, akasema mwenye kutaja ni mwenye ng'ombe, siyo dereva.

Wa mwisho alikuwa mama wa Kolo. Zizi la Bwana Mifugo lilikuwa na ndama mmoja tu aliyebaki, jike jekundu lenye doa jeupe usoni, na tulipolipandisha kwenye gari mkewe alifunga lango la zizi tupu, kisha akalifungua tena, kana kwamba hakujua lipi ni sahihi. Tulipita Miyuji jua linatoka. Njia nzima mzee alikaa nyuma na yule ndama, ameshikilia shingo yake kwenye kona. Nilimsihi aje mbele. Akasema mbele kunamtapisha.

Mama alikuwa amezeeka zaidi, amekuwa mfupi zaidi, sauti ile ile.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu. Bado una kichwa?"

"Bado, bibi."

Hakumkaribisha mzee kwanza. Alimzunguka ndama. Akamwinua mkia, akamfungua mdomo, akampapasa mbavu kama anatafuta sarafu iliyodondokea kwenye godoro.

"Bwana Mifugo mzima," akasema, "unaniletea mwembamba hivi?"

"Si mwembamba, mama. Amesafiri."

"Mume wangu aliimba mpaka mtama wa watu wote ukaisha kupurwa. Sauti yake ndiyo hii?"

"Mpe wiki mbili kwenye majani yako. Kama hatakuwa na mgongo, nirudishie."

"Utanipa mwingine?"

Mimi nilijua hakuna mwingine. Nilitaka kusema, nilikuwa nimeshafungua mdomo, akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Nitakupa," akasema.

Mama alimtazama. Sijui alimwona nini, lakini naye alikuwa na macho ya kutazama ng'ombe. Akamfunga ndama kwenye nguzo, polepole, fundo la mtu anayejua kufunga. Kisha akatuketisha, tukala ugali na mlenda, na wakaanza kuzungumza habari za wafu wao kama watu wanaozungumza habari za majirani. Nilitoa Kidumu kutoka kwenye gari, cha zamani, kilichotengenezwa na mikono yangu, nikakiwasha. Mumewe akaimba. Mama hakulia. Alikuwa akirekebisha maneno: hapa alikosea, hapa alikuwa amelewa, hapa ni mimi nilikuwa nacheka nyuma, sikiliza.

Tulipoinuka kuondoka, mzee akatoa kanda kutoka mfukoni, imefungwa kwenye kile kitambaa cha kichwani, akaiweka mikononi mwake. Akasema maneno yake. Nikahema. Ilikuwa imekwisha. Hakuna mtu katika mkoa mzima wa Dodoma aliyekuwa anamdai Bwana Mifugo kitu chochote. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiri nitakavyomwambia njiani: sasa mzee uko huru, tutengeneze kitu kipya, tuingize nyimbo ambazo hazina mwenyewe, nitafute mfanyabiashara mwingine.

Mama aligeuza kanda mkononi.

"Mimi hii nitaipigia wapi?" akasema. "Panya wataila. Watoto wangu wakija wataitupa. Kaa nayo."

"Mama," nikasema haraka, "ameshairudisha. Ni yako."

"Nani kasema si yangu? Ni yangu. Nampa anifugie." Akamgeukia mzee. "Na ndama wake ni wangu."

Nilimtazama Bwana Mifugo. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Mtu huyu alikuwa hana ng'ombe hata mmoja. Mkewe alikuwa nyumbani ameshika lango la zizi tupu. Mwanawe hakuwa akisema naye. Mimi nilikuwa nimepoteza kiwanda. Alivua kofia, akainyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu kizito.

"Nimepokea," akasema.

Safari ya kurudi alikaa mbele.